Kisanduku cha Cherotich

Kwa miaka mitatu, kila Ijumaa, Daisy Cherotich alimpa Rodney Njenga sauti ya kuanzia wimbo, na kwa miaka hiyo mitatu hakumsamehe hata dakika moja. Mimi husimama nyuma yao kwenye besi, kwa hiyo haya si ya kuambiwa. Hapa Doha sisi husali Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko, na kwaya yetu ya Kiswahili huimbia kule Abu Hamour kwenye makanisa. Cherotich ndiye mwenye kile chuma chenye ncha mbili, ambacho ukikigonga kwenye goti na kukisogeza sikioni kinatoa sauti moja tu, ileile leo na kesho. Anakigonga, anasikiliza, halafu anawaimbia kila kundi noti yao kwa sauti ya chini. Rodney, kiongozi wetu na mwimbaji wa sauti ya tenori, alikuwa anaipokea noti yake huku akitikisa kichwa kama bwana harusi. Mimi ningempa noti ya uongo aaibike mbele ya padri. Cherotich alimpa ya kweli kila mara, na hilo lilinitisha zaidi.

Alizaliwa Kapsabet, baba yake fundi wa redio pale sokoni, na alishika chuma cha kulehemu kabla ya kushika kalamu. Ni mfupi, miwani yake ina mkono mmoja uliofungwa kwa waya, na akinyamaza ujue amekasirika. Alipofika Doha miaka minane iliyopita, aliyempokea uwanja wa ndege ni Rodney huyohuyo. Alimbebea begi, akamnunulia blanketi, akamtafutia chumba Muaither kwa nesi mmoja anayeitwa Pamela. Yeye na Rodney walikuwa wameajiriwa na kampuni moja ya kukodisha vyombo vya muziki, Rodney akiwa msimamizi. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema kwamba wakati mwingine nguo yenyewe umepewa na kinachokula.

Ngoja nieleze kazi yake ya mkono, maana wengi wakisikia adapta wanafikiri ni ile ya kuchomeka simu ukutani. Miaka ya tisini kulikuwa na mashine za kurekodia zilizogeuza sauti kuwa tarakimu na kuziandika kwenye kanda, kanda kubwa kama za video. Nyuma ya mashine palikuwa na tundu pana lenye pini ishirini na tano, na ni kwa tundu hilo tarakimu zilitoka zikiwa safi. Waliolibuni tundu hilo waliliacha, na kompyuta za leo hazilijui. Kwa hiyo unakuta mashine nzima, kanda nzima, wimbo umo ndani, na nyumba haina mlango. Cherotich alikuwa anatengeneza mlango. Kisanduku cha bati, saizi ya pakiti ya majani ya chai: upande huu pini ishirini na tano, upande ule waya wa kuingia kwenye kompyuta ya leo, na katikati bodi aliyoichora mwenyewe na kuiandikia programu mwenyewe. Wapiga muziki wa harusi kutoka Lebanoni walimjua. Wafilipino wa bendi za hotelini walimjua. Kila aina ya mashine ilikuwa na tundu lake la kichwa ngumu, na kila tundu lilimkosesha usingizi mpaka alishinde.

Alikuwa na desturi moja, nayo ishike vizuri. Hakuandika kitu chochote kwenye bodi zake. Hakuna namba, hakuna mshale, hakuna herufi. Chini ya kila bodi aliweka kipande kidogo cheusi, kama punje ya mchele, kinachobana pini mbili. Yeye alikiita kidude na mimi nitakiita hivyo. Mashine zile zilirekodi kwa mwendo wa aina mbili, wa juu na wa chini kidogo, na kidude ndicho kilichoambia kisanduku kifuate mwendo upi. Nikamwuliza kwa nini haandiki "juu" na "chini" hata kwa kalamu. Akasema mnunuzi atampigia simu na yeye atamwambia. Akiandika, atakuwa amegawa akili yake bure. Baba yake alifanya vivyo hivyo na redio za Kapsabet, na hakuna aliyewahi kumwibia mteja.

Sasa mdomo wangu ndio ulioanzisha. Mimi ni dereva wa nyumba ya mzee mmoja wa Muaither, mwalimu mstaafu, ambaye kila mtu anamwita Bu Ghanim, yaani baba yake Ghanim. Ghanim alikuwa kifungua mimba wake. Alipiga udi na kuimba, na alirekodi kanda nane nyumbani kabla ya kufa kwa ajali ya barabarani akiwa na miaka ishirini na sita. Mashine yake ilikaa chumbani mwake imefunikwa shuka kwa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna fundi mjini aliyeweza kuitoa sauti. Siku moja baada ya ibada, tukinywa chai, niliwasimulia Cherotich na Rodney. Cherotich aliniomba nipige picha ya tundu la nyuma. Aliitazama picha ile kama mtu anayetazama picha ya mchumba.

Miezi saba alikaa na kisanduku hicho. Pamela alilalamika chumba kinanuka risasi ya kulehemu mpaka kwenye mito. Kilipokamilika alikijaribu kwa mashine kama ile aliyoinunua imekufa akaifufua, na kanda ya majaribio aliyokuwa nayo ilikuwa ya mwendo wa chini, kwa hiyo kidude alikiacha chini. Rodney akamwambia amkopeshe siku mbili akipime kwa vyombo vya ofisini. Akampa. Ungekuwa wewe ungempa pia. Huyu ndiye aliyekubebea begi.

Siku ya pili yake Rodney alisimama kwenye geti la Bu Ghanim na begi la laptopu. Mimi ndiye niliyemfungulia. Nilidhani ametumwa na Cherotich, nikamkaribisha, nikampelekea na maji. Kwa wiki mbili alikuja kila jioni baada ya kazi, akazitoa kanda zote nane, na kwa mzee akasema kisanduku kile amekitengeneza yeye. Cherotich alipojua, alikwenda kwa meneja kudai haki yake. Rodney alikuwa ameshatangulia. Alisema msichana yule anatengeneza vitu vya biashara yake kwa vipuri vya kampuni, na anafanya kazi za nje bila ruhusa. Hakuna kipuri hata kimoja alichoiba, lakini kazi za nje zilikuwa kweli, na hapa kazi za nje ni kosa. Mkataba ukakatwa, na kisanduku kikabaki kwa Rodney. Alikaa wiki sita akisubiri ama kazi mpya ama ndege ya kurudi, akila kwenye sahani ya Pamela, kabla ya kupata kliniki moja ya Al Sadd ambako mpaka leo kazi yake ni kufungulia kompyuta za watu waliosahau nywila.

Wiki hizo sita alikuja kwaya. Alimpa Rodney noti yake. Nilimwuliza anawezaje. Akaniambia mtu akikuibia, usimpoteze machoni.

Miezi mitatu baadaye Rodney alituma kipande cha wimbo kwenye kundi letu la simu, dakika moja na nusu, na maneno ya kujisifu. Nilikuwa nimeegesha gari nje ya kliniki, Cherotich ameingia ndani ya gari kukwepa joto, tuna chai ya karaka, ile ya maziwa na iliki, kwenye vikombe vya karatasi. Akafungua kile kipande. Mwanzoni kabisa kunasikika mlio mwembamba wa kipima-sauti cha umeme, maana Ghanim alikuwa na tabia ya kuuwasha kabla ya kukaza nyuzi za udi, halafu wimbo unaingia. Cherotich akarudisha nyuma. Akatoa chuma chake kwenye mkoba, akakigonga kwenye goti, akakiweka sikio moja, simu sikio la pili. Halafu akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu afukuzwe.

Akanieleza taratibu, nami nikaelewa. Vipima-sauti vyote vya umeme hutoa sauti ileile ya chuma chake. Mlio huu wa Ghanim ulikuwa chini yake karibu noti moja na nusu. Maana yake Ghanim alirekodi kwa mwendo wa juu, kidude kilikuwa chini, na Rodney hakujua kama kidude kipo. Kanda zote nane zilikuwa zimeshuka na kuvutika. Si sana. Asiyemjua marehemu angesema tu kijana alikuwa na sauti nzito na alipenda kuimba polepole.

Nikasema twende kwa mzee sasa hivi, gari ni hili.

"Hapana, Silva," akasema. "Wacha apande kwanza. Akifika juu kabisa, hapo ndipo nitamwonyesha chini."

Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilimwona Rodney akianguka kutoka juu na nikaona kuwa ngazi bado ni fupi. Tukagonganisha vikombe vya karaka kama watu waliofunga mkataba.

Naye akapanda, debe tupu lile. Aliacha kampuni akachapisha kadi zenye maneno "mwokoaji wa sauti za kale". Redio moja ilimhoji. Watu wenye kanda za wazee wao walianza kumtafuta, na kwa kuwa kisanduku kilikuwa kimoja na hakujua kutengeneza cha pili, aliwapanga foleni akasema kazi ya makini haitaki haraka. Kila habari ya Rodney niliipeleka Al Sadd. Cherotich alikuwa anasikiliza, anatia sukari kwenye chai, anasema, "Bado." Nilianza kulipenda neno hilo.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu udereva wa nyumbani. Aliyenikabidhi kazi hii anaitwa Wesley, naye alikuwa ameendesha familia za hapa miaka kumi na minne bila doa. Siku ya kunipa funguo aliniambia jambo moja tu: kiti cha nyuma hakina sauti. Yanayosemwa huko hayafiki mbele. Ukiyasikia yameishia kwenye shingo yako. Ukiyarudia umepanda ndege ya kurudi kwenu. Nililishika hilo kuliko amri kumi. Nimesikia ndoa zikifungwa na kuvunjika nyuma ya kichwa changu, na hata mke wangu kule Busia sijamwambia. Kiarabu changu ni cha barabarani, lakini barabara ni ndefu na miaka ni mingi, na kufikia hapo hakuna lililonipita.

Kiti cha nyuma upande wa kulia kilikuwa cha Umm Ghanim, mama wa nyumba. Mzee aliweka nyimbo za mwanawe kwenye gari ili mama azisikilize njiani. Mara ya kwanza alisikiliza mpaka mwisho, akauliza huyu ni nani. Mzee akacheka kwa mshangao, akamwambia ni mwanao. Mara ya pili akasema, "Zima, Silvesta," nami nikazima. Baadaye nikawa nampeleka hospitali kila mwezi, kitengo cha wazee wanaopoteza kumbukumbu, na njiani yeye na mzee walibishana kwa sauti ya chini, na mimi nikatazama barabara. Mama alifariki mwaka jana, kabla ya mfungo. Nilimlilia kweli. Alikuwa akikumbuka majina ya watoto wangu wote wanne.

Siku ya Rodney ilifika mwezi wa pili mwaka huu. Familia ilikuwa inatoa nyimbo za kanda zote nane kwa umma, na jalada la albamu lilikuwa limeshachapishwa kama kielelezo, jina la Rodney Njenga chini ya jina la Ghanim. Tena kuna taasisi iliyokuwa inamtaka awe mkuu wa kitengo cha sauti, na mtu wao angekuwepo. Bu Ghanim aliandaa mkutano kwenye majlisi yake, sebule ya wageni, baada ya sala ya alasiri: ndugu, majirani, marafiki wa marehemu waliokuwa wakipiga naye muziki, sasa wana mvi. Alitaka mashine yenyewe iletwe na kanda ipigwe mbele ya wageni. Nikamwendea nikamwomba ruhusa ya kumleta fundi mmoja kutoka kwetu, mwanamke, anayezijua mashine hizi. Mzee akasema anakaribishwa. Nikampigia Cherotich. Hakusema "bado".

Alivaa gauni lake la kahawia na mtandio, na kwenye mkoba aliweka vitu viwili, chuma na kibanio cha kushikia vitu vidogo. Rodney alipotuona mlangoni alisita kidogo, akatabasamu.

"Daisy, na wewe umealikwa?"

"Nimekuja kusikiliza," akasema, akaketi karibu na mlango.

Rodney alisimama kwenye suti ya rangi ya majivu akaeleza jinsi alivyokesha miezi mingi kubuni kisanduku. Akaweka kanda ya kwanza. Mlio ukasikika, halafu udi, halafu ile sauti nzito. Wanaume wakainamisha vichwa. Mtu wa taasisi alikuwa anaandika kitu. Kama kuna juu kuliko pale, Rodney hakuwahi kupaona.

Cherotich akainuka. Alimwomba Bu Ghanim radhi na ruhusa ya kuuliza swali moja, kwa Kiingereza cha taratibu ili wote wafuate, na mzee akamruhusu kwa mkono. Akamgeukia Rodney, akamwomba afungue kisanduku chake. Rodney akasema hakifunguliwi, ni kitu chepesi kuharibika. Mzee akasema fungua. Kikafunguliwa.

"Geuza bodi," Cherotich akasema. "Hapo chini kuna kidude cheusi. Waambie kazi yake ni nini."

Rodney alikitazama, na mimi niliona kwa macho yangu kwamba alikuwa anakiona mara ya kwanza.

"Hicho," akasema, "ni cha kushikilia bodi isicheze."

Jamani, niliuma ulimi nisicheke. Cherotich alitoa chuma, akakigonga kwenye goti, akakisimamisha wima juu ya meza ya mbao iliyobeba birika za kahawa, na meza nzima ikaanza kuimba ile sauti moja. Akamwomba Rodney arudishe mlio wa Ghanim. Ukaja, na sauti hizo mbili zikakwaruzana mpaka mtu mmoja akakunja uso. Halafu akachukua kibanio, akakichomoa kidude, akakibana kwenye pini za pili, akairudisha kanda mwanzo mwenyewe. Akagonga chuma tena. Mlio ukatoka, na ukawa mmoja na meza. Hakukuwa na mkwaruzo hata kidogo. Halafu Ghanim akaimba.

Sauti ilikuwa ya kijana. Nyepesi, ya juu, yenye haraka, kama mtu anayepanda ngazi mbilimbili. Mzee mmoja mpiga udi alisimama.

"Huyu ndiye Ghanim," akasema kwa Kiarabu. "Yule mwingine sikumjua. Niliona haya kusema."

Walilia. Mtu wa taasisi akafunga daftari lake. Cherotich aliwaambia kwa maneno machache nani alitengeneza kisanduku, kwa miezi mingapi, na kiliondokaje mkononi mwake. Rodney alitoka akiwa amekanyaga visigino vya viatu vyake, hajavivaa sawasawa, na alipopita mbele yangu nilimfungulia geti kwa adabu kama siku ile ya kwanza. Siku za mwizi ni arobaini. Za huyu zilikuwa zaidi ya elfu moja, na nilizionea fahari zote. Nasema wazi kwamba mpaka leo simwonei huruma.

Wageni walipoondoka, Bu Ghanim alimwomba Cherotich abaki. Nilikuwa nakusanya vikombe. Mzee alimshukuru kwanza. Alimwambia jina la Rodney litatolewa kwenye jalada na lake litaandikwa, kwa sababu ni haki yake. Cherotich akainamisha kichwa. Hilo ndilo alilokuwa akilitaka miaka yote, jina lake juu ya kazi yake, na sasa limetamkwa mbele yake. Kisha mzee akamwuliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu, alijua lini kwamba sauti ile si sawa.

Angeweza kudanganya. Cherotich hadanganyi, na jioni ile alikuwa amejaa ushindi.

"Tangu mwanzo, baba. Miaka mitatu."

Mzee alihesabu kwa vidole.

"Mama Ghanim ana miezi kumi na mmoja kaburini," akasema. "Alisema huyu si mwanangu. Nilimwambia amesahau. Nilimpeleka kwa madaktari. Walimwuliza leo ni siku gani, akajua. Walimwuliza majina ya wanawe, akayataja yote. Nikawaambia madaktari, bado ni mgonjwa, maana anashindwa kumtambua mwanawe akiimba. Wakampa dawa. Alikufa akiamini kuwa akili yake imeoza."

Cherotich alishika ukingo wa meza. Akasema hakujua. Alisema mara mbili.

"Hukujua habari za mke wangu," mzee akasema. "Ulijua sauti si yake." Akaokota kile kisanduku kilichofunguliwa, akakitazama chini. "Kwa nini hukuandika juu ya kitu hiki? Herufi moja tu. Hata mwizi angesoma."

Lile jibu la mnunuzi atanipigia simu lilikuwepo, lakini lingesemwaje pale? Halafu mzee akanigeukia mimi, na trei mkononi.

"Na huyu ni rafiki yako, Silvesta. Na wewe ulijua?"

Nilisema ndiyo.

"Na ndiwe uliyekuwa unatupeleka hospitali."

Nilitaka kumwambia kuhusu Wesley na kiti cha nyuma. Nilitaka kusema dereva hasikii. Lakini mimi nilikuwa nimesikia kila neno, kwa miaka miwili, kichwani mwangu nikiwa na nusu ya pili ya habari yote, na sikuziunganisha kwa sababu nilikuwa nasubiri Rodney afike juu. Hata Cherotich sikumwambia habari za mama. Kiti cha nyuma hakina sauti. Niliposimama pale na trei, Cherotich aliniangalia, na nikaelewa kwamba ameelewa. Angejua mama anaambiwa amesahau kwenye gari langu, angekuja siku hiyohiyo kwa miguu kutoka Al Sadd. Nadhani. Sijamwuliza, na yeye hajaniambia neno lolote ila noti yangu ya besi siku za Ijumaa. Rodney haji tena kwaya. Sasa mimi ndiye ninayetazamwa kama alivyotazamwa Rodney anaponipa noti, na ni ya kweli kila mara.

Cherotich alirudi nyumbani kwa mzee jioni tisa mfululizo akazitoa kanda zote nane upya. Mzee alimpelekea kahawa mwenyewe, akaiweka, akatoka. Jalada jipya limechapishwa na jina lake lipo, Daisy Cherotich, kwa herufi nzuri. Pamela anasema nakala yake iko juu ya kabati, haijatolewa kwenye karatasi. Anasema pia kwamba Cherotich ameanza kuandika kwenye bodi zake, kwa wino mweupe, kila pini.

Mimi mzee hajanifukuza. Nilisubiri wiki ya kwanza, nikasubiri mwezi, nikafunga na begi. Alichofanya ni kuhama kiti. Zamani alikaa kushoto. Sasa anakaa kulia, kule nyuma alikokaa mkewe. Tunapoondoka tu getini ananiambia niweke wimbo, ule wa kwanza, uliorekebishwa. Mlio unapita, udi unaingia, kijana anaimba. Hakuna tunakokwenda, tunazunguka Muaither, tunapita shule aliyofundisha, tunarudi. Wimbo ukiisha ananiuliza swali lilelile, taratibu, kwa Kiarabu, ili nisiweze kusema sikuelewa.

"Silvesta, umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Huyu ni nani?"

"Ni Ghanim, baba."

"Sema kwa sauti," ananiambia. "Mwambie mama yake."

Nami namwambia.